KONOKONO NA KOA: WAGENI WASIOAGA

Mpenzi msomaji, bila shaka umekwisha kuisikia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi, na walimu wakatutilia alama ya vyema. Lakini leo ningependa kukusimulia habari za mgeni ambaye akija, mwenyeji hukonda. Mgeni huyu hana miguu wala mabawa, na hata mtoto anayetambaa humpita njiani. Hata hivyo, ametoka pwani yetu akafika Bara Hindi, visiwa vya Pasifiki, Marekani na Brazili. Naye jamaa yake mwingine ametoka Marekani ya Kusini akaja mpaka Mwea, hapa hapa nchini, akaugusa wali ulio katika sahani yako bila ya wewe kujua.

Mgeni ninayemzungumzia ni konokono, pamoja na ndugu yake koa. Usicheke! Mimi pia nilicheka, mpaka nilipoponea chupuchupu kuwaletea balaa watu wote wanaotumia mto unaopita nyuma ya shule yetu. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa.

"MAUA" KATIKA MPUNGA

Likizo ya Agosti ya mwaka wa 2023 nilienda kumtembelea shangazi yangu huko Mwea, Kaunti ya Kirinyaga. Asubuhi ya kwanza tuliamkia katika majaruba kupandikiza mpunga. Nikiwa nimezama matopeni hadi magotini, niliona vishada vidogo vya rangi ya waridi vimeganda kwenye mashina ya nyasi kando ya mfereji. Vilipendeza macho kama peremende.

"Shangazi, maua haya yanaitwaje?" nikauliza.

Shangazi aliinuka, akajishika kiuno, akanitazama kwa muda.

"Hayo si maua, mtoto wa ndugu yangu. Hayo ni mayai ya mwizi."

Akanionyesha sehemu ya jaruba aliyokuwa ameipandikiza siku chache zilizopita. Miche ilikuwa imekatwa, vipande vikielea juu ya maji. Palipokuwa na mistari ya kijani sasa palikuwa na maji matupu. Akaingiza mkono matopeni, akatoa konokono mkubwa wa rangi ya kahawia, kisha mwingine na mwingine, akawatia katika ndoo. Kazi hiyo aliifanya kila alfajiri kabla ya chai. Msimu huo alipandikiza sehemu ile mara mbili, akalipa vibarua mara mbili. Binamu yangu, ambaye yuko Kidato cha Pili katika shule nyingine, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo muhula uliofuata. Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Lakini kuacha kucheka si kuwa na hekima. Siku ya kuondoka niliwatia konokono watatu katika mkebe wa Kimbo, nikautoboa kifuniko ili wapate hewa, nikaja nao shuleni. Nia yangu ilikuwa kuwaonyesha wenzangu katika maonyesho ya Chama cha Sayansi, kisha niwaachilie katika kidimbwi cha samaki cha shule. Kidimbwi hicho, kama ujuavyo, humwaga maji yake mtoni.

Siku ya tatu nilipoufungua mkebe nilikuta kishada cha waridi kimeganda kwenye kifuniko. Nikakimbia kwa furaha kumwonyesha mwalimu wetu wa Kilimo. Mwalimu alipoona alinyamaza kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Umewatoa wapi hawa?"

"Mwea, mwalimu."

"Na ulikuwa unawapeleka wapi?"

Nilipomjibu, hakunikaripia. Aliagiza maji yanayochemka kutoka jikoni, tukawamwagia wale konokono na mayai yao, tukachimba shimo refu tukawafukia. Halafu akanipa adhabu ambayo sikuitarajia: nisome habari za mvulana mmoja wa Miami, kisha niwaandikie wenzangu yale niliyojifunza. Makala haya, ndugu msomaji, ndiyo adhabu yenyewe.

KONOKONO NI NANI, NA KOA NI NANI?

Konokono na koa ni wa jamii moja kubwa ya moluska, ambamo pia wamo chaza na pweza. Tofauti yao ni nyumba. Konokono hubeba gamba lake mgongoni na hujificha humo kukiwa na hatari au kiangazi. Koa hana nyumba ya nje. Mwili wake uko wazi, laini, umejaa ute. Kwa sababu hiyo koa hupenda sana mahali penye unyevunyevu: chini ya mawe, magogo, majani makavu na vyungu vya maua. Jua likiwaka hujificha. Usiku ukiingia hutoka kula.

Viumbe hawa wana ulimi wa ajabu, uliojaa meno madogo sana yaliyopangwa kwa safu kama tupa ya fundi. Kwa ulimi huo hukwangua jani mpaka likabaki matundu. Ukiona sukuma wiki zina matundu makubwa asubuhi na njia ya ute unaong'aa, basi mwizi wa usiku umekwisha kumjua.

Jambo la pili la ajabu ni kwamba konokono wengi wa nchi kavu, na koa pia, ni huntha. Yaani, kila mmoja ana viungo vya uzazi vya kike na vya kiume. Wawili wakikutana, wote wawili wanaweza kutaga. Isitoshe, wengine huweza kuhifadhi mbegu ya mwenzao mwilini kwa muda mrefu. Kwa hivyo konokono mmoja tu, akisafirishwa peke yake ndani ya mfuko wa mtu, anaweza kuanzisha kabila zima katika nchi ya ugenini. Konokono wa Mwea si huntha, wana dume na jike. Lakini jike akiwa amekwisha kupandwa, matokeo ni yale yale. Mkebe wangu ni ushahidi.

WANASAFIRI VIPI NA HALI HAWANA MWENDO?

Mwaka wa 2013 watafiti wa Uingereza waliwabandika konokono wa bustani taa ndogo mgongoni ili wafuate nyendo zao usiku. Waligundua kwamba konokono huyo anaweza kwenda hadi mita 25 kwa siku. Hebu tufanye hesabu. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 hivi kwa barabara, yaani mita 480,000. Gawanya kwa 25, utapata siku 19,200. Hiyo ni zaidi ya miaka 52 bila ya kupumzika! Akiondoka leo ungali kijana, atakukuta umekwisha kustaafu.

Basi ni nani anayewapeleka? Jibu ni fupi: sisi wanadamu.

Wengine tunawabeba bila ya kujua. Mayai madogo hujificha ndani ya udongo wa miche inayouzwa katika vyungu na karatasi za nailoni. Konokono hujibandika chini ya makontena bandarini, kwenye magurudumu ya matrekta na katika magunia. Mafuriko nayo huwasomba kutoka jaruba moja hadi jingine. Wengine tunawabeba kwa makusudi: kwa chakula, kwa dawa, kwa pambo la tangi la samaki, au kwa sababu tu mtoto amependezwa nao. Hao wa makusudi ndio wamefika mbali zaidi.

Halafu, kwa nini mgeni anasumbua kuliko mwenyeji? Ni kwa sababu ya usawa. Nyumbani kwao kila kiumbe ana adui zake: ndege, mbawakawa, konokono wala-nyama, magonjwa na vimelea. Hao ndio askari wanaomzuia asizidi. Akihamishwa ng'ambo, adui hubaki nyuma na chakula anakikuta tele. Ni kama mwanafunzi mtukutu aliyehamishiwa shule isiyokuwa na kiranja wala mwalimu wa zamu.

MPWANI WETU ALIYEIZUNGUKA DUNIA

Yule konokono mkubwa anayeonekana Pwani wakati wa mvua, mwenye gamba refu la kahawia lenye mistari, ndiye msafiri maarufu kuliko wote. Wataalamu humwita Achatina fulica, au kwa jina jipya zaidi, Lissachatina fulica. Asili yake ni Pwani ya Afrika Mashariki. Gamba lake laweza kufikia urefu wa sentimita 20. Hutaga mamia ya mayai kwa mkupuo mmoja, naye hula zaidi ya aina 500 za mimea. Akikosa madini ya chokaa ya kujengea gamba lake, hukwangua hata lipu ya nyumba za watu. Kiangazi kikija, hujifungia ndani ya gamba kwa utando na kulala mpaka mvua irudi.

Safari zake zilianzia visiwa vya Bahari ya Hindi. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 alikuwa amekwisha kufika Mauritius. Mwaka wa 1847 mtu mmoja aliyependa kuchunguza konokono, William Benson, aliwachukua wachache wakiwa hai kutoka Mauritius hadi Calcutta, mji ambao leo unaitwa Kolkata. Wakaachiliwa katika bustani. Kutoka bustani hiyo, konokono wa Pwani yetu wakaanza maisha mapya Bara Hindi.

Mwaka wa 1900 walikuwa Sri Lanka. Mwaka wa 1936 walifika Hawaii. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, majeshi ya Japani yalimtumia kama akiba ya chakula katika visiwa vya Pasifiki. Vita vikaisha, askari wakarudi kwao, konokono wakabaki. Katika miaka ya 1980 walipelekwa Brazili ili wafugwe kwa biashara ya nyama. Wanunuzi hawakujitokeza, wafugaji wakawatupa, nao wakaenea nchini humo. Kumbe mtu akichoka na mfugo wake mdogo, humtupa tu nje na kujifuta mikono. Mfugo wenyewe haujachoka!

MVULANA WA MIAMI

Sasa nafika pale ambapo mwalimu alitaka nifike. Mwaka wa 1966 mvulana mmoja alitoka Hawaii kwenda Miami, jimbo la Florida nchini Marekani. Mfukoni alikuwa na konokono watatu wa aina hii. Bibi yake hakuwapenda nyumbani, akawaachilia katika bustani. Ni hayo tu.

Miaka saba baadaye, zaidi ya konokono 18,000 walikuwa wamepatikana. Serikali ililazimika kutumia fedha zilizofikia kama dola milioni moja. Kazi ya kuwaokota, kuweka dawa na kukagua nyumba kwa nyumba ilichukua miaka mingi, hadi mwaka wa 1975 walipotangazwa kwamba wamekwisha.

Watatu, msomaji! Mimi pia nilikuwa nao watatu. Niliposoma idadi hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje ya maktaba kupunga hewa.

Wala kisa hakikuishia hapo. Mwaka wa 2011 konokono hao walionekana tena katika eneo la Miami. Safari hii waliokotwa zaidi ya 168,000, na hata mbwa wakafunzwa kuwanusa. Ilichukua miaka kumi, mpaka mwaka wa 2021, kutangaza ushindi. Mwaka wa 2022 wakapatikana tena katika kaunti nyingine ya jimbo hilo hilo. Waama, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa konokono hujengwa upya kila baada ya kizazi.

KOA WA ULAYA

Usidhani ni nchi za joto tu zinazosumbuliwa. Huko Ulaya yuko koa mmoja wa rangi ya kahawia au ya machungwa, urefu wake kama kidole kirefu cha mtu mzima au hata zaidi, ambaye wataalamu humwita Arion vulgaris. Alionekana Uswidi mwaka wa 1975 na Norwe mwaka wa 1988. Koa mmoja hutaga hadi mayai 400. Waswidi wamempa jina lenye maana ya "koa muuaji", kwa sababu hula hata maiti za wenzake.

Wenye bustani huko hutoka usiku wakiwa na taa na ndoo kuwaokota, kama shangazi yangu afanyavyo alfajiri. Chanzo kikubwa cha kuenea kwake ni udongo na mimea ya vyungu inayouzwa madukani. Kwa miaka mingi watu walimwita "koa wa Hispania" wakiamini kuwa Wahispania ndio waliowaletea. Baadaye watafiti waliochunguza chembe za urithi wakaonyesha kwamba yaelekea asili yake ni Ulaya ya kati. Tazama jinsi mtu alivyo mwepesi wa kumsingizia jirani!

Nasi Waafrika tumetoa koa wetu. Yuko mmoja mweusi, bapa, mwenye ngozi kama ya kiatu, aitwaye Laevicaulis alte. Asili yake ni Afrika, na sasa anapatikana Bara Hindi, Australia na visiwa vingi vya Pasifiki.

DAWA ILIYOZIDI UGONJWA

Watu wa Pasifiki walipoona konokono wa Afrika amewashinda, walifikiri hivi: tafuta adui yake, mlete, amalize kazi. Wazo lilionekana zuri. Basi mwaka wa 1955 wakamleta Hawaii konokono mla-nyama kutoka kusini-mashariki mwa Marekani, ambaye jina lake la kitaalamu ni Euglandina rosea. Hata Kenya ilichangia: katika miaka ya 1950 konokono mdogo mla-nyama aitwaye Gonaxis kibweziensis, aliyepewa jina hilo kwa heshima ya Kibwezi yetu, alipelekwa katika visiwa vya Pasifiki kwa kazi hiyo hiyo.

Matokeo yake yalikuwa msiba. Euglandina hakumfuata yule konokono mkubwa; aliona ni kazi bure kupigana na pandikizi la mtu ilhali wadogo wapo. Aliwafuata konokono wadogo wa miti, wenyeji wa visiwa hivyo, ambao hawakuwa na kosa lolote. Mwaka wa 1977 alipelekwa kisiwa cha Moorea, karibu na Tahiti. Kulikuwa na aina saba za konokono wa miti waitwao Partula katika kisiwa hicho. Kufikia mwaka wa 1987, yaani katika muda wa miaka kumi tu, wote saba walihesabiwa kuwa wametoweka msituni. Wenyeji walikuwa wakishona mikufu kwa magamba yao, na mafundi wa mikufu hiyo wakabaki bila ya kazi.

Bahati nzuri, wataalamu walikuwa wamewahifadhi wachache katika bustani za wanyama, ikiwemo ile ya London. Baada ya miaka mingi ya kuwalea katika visanduku, walianza kurudishwa visiwani. Mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba aina moja, Partula tohiveana, sasa inazaa tena yenyewe katika misitu ya Moorea. Ni habari za kutia moyo. Lakini fikiria: kosa la siku moja limegharimu karibu nusu karne ya kurekebisha.

TURUDI MWEA

Sasa tumtazame mwizi wa shangazi. Huyu huitwa Pomacea canaliculata, na kwao ni Marekani ya Kusini. Karibu na mwaka wa 1980 alipelekwa Taiwan kwa matumaini ya kuuza nyama yake. Walaji hawakuipenda, akatoroka au akatupwa, akaingia katika mashamba ya mpunga. Kutoka hapo akaenea Ufilipino, Vietnamu, Thailand na nchi nyinginezo za Asia. Hapa kwetu alithibitishwa kuwa yupo Mwea mwaka wa 2020.

Ni kiumbe mwenye hila. Ana viungo vya kuvuta hewa majini kama samaki, na pia ana pafu la kuvuta hewa ya juu. Maji yakikauka, hufunga mlango wa gamba lake kwa kifuniko kigumu, akajizika matopeni kwa miezi. Hutaga mayai yake juu ya maji, katika mashina na kuta za mifereji, nayo rangi yake ya waridi ni onyo: mayai hayo yana sumu, na ni wanyama wachache mno wanaoyala. Baada ya wiki mbili hivi huanguliwa, na watoto huanguka majini. Chakula wanachokipenda zaidi ni miche michanga ya mpunga, ile ambayo mkulima ameipandikiza jana.

Utafiti uliofanywa kwa wakulima wa Mwea ulionyesha kwamba wale waliovamiwa kwa kiwango cha wastani walipoteza karibu asilimia 14 ya mavuno, lakini pato lao la mpunga lilipungua kwa karibu asilimia 60. Utauliza, mbona hasara ya fedha ni kubwa kuliko ya mavuno? Jibu ni kwamba mkulima hununua mbegu tena, hulipa vibarua tena, na hununua dawa, ilhali gunia analouza ni lile lile. Hapo ndipo karo ya binamu yangu ilipoishia.

WANALETA MARADHI PIA

Kuna jambo jingine ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulijua. Konokono na koa wanaweza kubeba mnyoo mdogo ambao huishi katika mapafu ya panya. Panya hutoa vijana wa mnyoo katika kinyesi. Konokono hukila kinyesi hicho. Na mtu akila konokono au koa mbichi, au mboga mbichi ambayo ndani yake amejificha koa mdogo, mnyoo huyo huweza kufika katika ubongo. Nchini Australia, kijana mmoja alimeza koa katika mzaha wa kushindana ujasiri na marafiki zake. Alipooza, na miaka kadhaa baadaye akafariki dunia. Ninajua jinsi tunavyopenda kuchokozana bwenini kwa maneno ya "thubutu kama wewe ni mwanamume". Tafadhali, jambo hili lisiwe katika mizaha yetu.

TUFANYE NINI?

Mwalimu alinikataza kumaliza makala bila ya mashauri yanayofaa. Haya ndiyo niliyoyakusanya:

1. Usihamishe konokono, koa wala mayai yao, hata mmoja, hata kwa ajili ya masomo. Mpige picha au mchore, mwache alipo.

2. Ukinunua miche, hasa ile iliyo katika udongo, kagua chini ya chungu na kandokando ya udongo. Ukitoka Mwea na mche wa mpunga, umechukua zaidi ya mpunga.

3. Osha tope la viatu, majembe na magurudumu kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine.

4. Katika shamba la shule, waokote jioni au alfajiri. Weka ubao au gunia lililolowa maji. Watajificha chini yake, nawe utawakuta pamoja asubuhi. Usimwage chumvi shambani, kwani chumvi huharibu udongo kuliko koa mwenyewe.

5. Wakulima wa mpunga huchomeka vijiti majini ili konokono watage hapo, kisha huviondoa pamoja na mayai. Wengine hupandikiza miche iliyokomaa kidogo, hupunguza maji, au hufuga bata. Mayai yavunjwe kwa kijiti, si kwa mkono mtupu.

6. Osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi, na unawe mikono kwa sabuni ukishika viumbe hawa.

7. Ukiona vishada vya waridi mahali ambapo havikuwapo, piga ripoti kwa afisa wa kilimo au kwa KEPHIS, shirika la serikali linalolinda afya ya mimea. Aliyeonekana mapema huondolewa kwa ndoo. Aliyechelewa kuonekana huondolewa kwa mamilioni.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, katika visa vyote nilivyosimulia sikumkuta mtu mbaya hata mmoja. Benson alipenda elimu. Mvulana wa Miami alipenda wanyama. Wafugaji wa Brazili walitafuta riziki. Waliompeleka Euglandina Pasifiki walitaka kusaidia. Nami nilitaka kuwafurahisha wenzangu katika maonyesho. Konokono naye hana kosa. Anakula na kuzaa kama alivyoumbwa. Tunachokosa ni swali moja dogo kabla ya kufungua mkebe: "Je, nikimwacha hapa, nani atamzuia?"

Hivi majuzi nilipiga simu kwa shangazi kumsalimu. Nilimwambia jinsi nilivyowabeba wale watatu na jinsi mwalimu alivyowamwagia maji ya moto. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwambie mwalimu wako nimemshukuru. Mimi huamka saa kumi na moja kila siku kwa sababu ya mtu ambaye hakuwa na mwalimu kama huyo." Halafu akacheka, akaniambia niache kumaliza pesa zangu za simu, nisome; yeye alikuwa anaenda shambani na ndoo yake.

Shime basi, wanafunzi wenzangu! Mdharau mwiba mguu huota tende. Tusiwadharau hawa wadogo watambaao. Mgeni wa namna hii haagi wala haondoki. Dawa yake ni kutomkaribisha.

(Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa Chama cha Kiswahili.)